Kirikuu Kilichokohoa Korogwe

Hebu vuta picha: kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinapanda mlima kikikohoa kama mzee aliyemeza pilipili, na nyanya zinadunda nyuma. Mwenyewe ni Bi Chausiku wa Korogwe. Dhamana ya gari ilikuwa inaisha Ijumaa, na kila alipolalamika, tajiri aliyemuuzia, Bwana Shomvi, alijibu, "Gari zima hilo, mama. Siandiki ugonjwa usiokuwepo." Bila maandishi yake, hapakuwa na matengenezo ya bure.

Alhamisi asubuhi Bi Chausiku aliingia dukani akitabasamu.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Leo silalamiki. Nimekuja kukuuzia gari lako. Zima kabisa, kama usemavyo. Nipe bei ya jipya."

"Ya jipya!" Bwana Shomvi aliruka, akaenda kufunua boneti. "Na gia hii inayokwama?"

"Aa, unanionea tu."

"Nakuonea? Injini inavuja mafuta! Breki zinalia!"

"Basi niandikie, baba, mume wangu asije akadhani nimelitupa kwa bei ya chini."

"Lete karatasi!" Akaandika kasoro tisa, akatia sahihi, tarehe na mhuri. "Soma! Nani atanunua mkweche huu?"

Bi Chausiku aliisoma taratibu, akaikunja, kisha akamkabidhi funguo.

"Si wewe, baba. Wewe utalitengeneza tu. Dhamana inaisha kesho."

Nawe mpenzi, ukishamaliza kucheka, nakuomba ukumbuke jambo moja: gari likianza kukohoa, kasoro zake ziandikwe siku ileile.