Mama Mkwe na Mji wa Wachimba Dawa

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini? Semeni nanyi: pakawa jembe, kila siku begani, na halijui udongo. Mbona mnaitika kama watu wasiokula tangu jana? Tena. Paukwa.

Pakawa.

Sawa, sasa mmeamka. Wewe mwenye bakuli, lifunike kwanza, utajua sababu huko mbele.

Hapo zamani, zamani ambazo Nzi alisema na watu na watu wakamjibu, palikuwa na mji juu ya kilima. Mtemi wa mji huo aliitwa Kapela. Chini ya kilima palikuwa na kisima kimoja, na maji yake ndiyo mji mzima uliyoyanywa.

Watu wa Mtemi Kapela walikuwa na adabu. Tena adabu iliyopita kiasi. Kulikuwa na neno moja wasilolitamka, na neno lenyewe ni choo. Mnacheka? Wao hawakucheka. Mtoto akiteleza ulimi, alifinywa sikio na Mtemi mwenyewe. Mtu akibanwa na haja, aliinuka polepole, akalitwaa jembe nyuma ya mlango, akaliweka begani, akasema, "Jamani, nakwenda kuchimba dawa."

Waliobaki wakaitika, "Chimba salama."

Akaenda kichakani, akachutama, akarudi. Jembe likarudi nyuma ya mlango, safi kama siku lilipotoka kwa mhunzi. Asubuhi majembe yalipanda kichakani, jioni majembe yalipanda kichakani, na hakuna aliyechimba hata shimo la kuku. Ikinyesha mvua, vya kichakani vikashuka na maji, vikateremka kilima, vikaingia kisimani. Watu wakateka, wakanywa, wakashika matumbo.

Mwenye raha mji ule alikuwa Nzi peke yake. Aliamka na wimbo:

Nimekula nyuma, sasa nakula mbele,
miguu sikunawa, nani ataniuliza?

Na kweli, hakuna aliyemwuliza.

Sasa, Mtemi Kapela alikuwa na kijana wake, Shija. Shija alioa mbali, huko mbugani, akamleta mke jina lake Nyamizi. Wakazaa binti, wakamwita Limi. Limi alipoanza kutambaa, tumbo likamshika. Akaharisha, akaharisha, akaharisha, mpaka macho yakaingia ndani na kilio kikamwisha. Mtoto anayelia anasumbua, lakini mtoto asiyelia anatisha. Nyamizi akatuma neno kwao: "Mama, njoo. Mtoto ananiponyoka."

Mama akaja. Bibi Kalekwa huyo. Kimo kifupi, ulimi mrefu, na nikisema mrefu simwonei. Hakuketi, hakunywa maji ya mgeni. Alimpakata mjukuu wake, akamtazama, akamwuliza binti yake, "Hapa mnakwenda haja wapi?"

Nyamizi akamsogelea sikioni, akamnong'oneza yote: kichaka, jembe, kuchimba dawa, kisima.

"Nawe hukuwaambia?"

"Mama, mimi ni mkazamwana hapa. Nitalitamkaje neno hilo mbele ya baba mkwe?"

Bibi Kalekwa akacheka, mara ya kwanza tangu afike. "Kweli, huwezi. Na wao watalitamkaje mbele ya mama mkwe?"

Akainuka. Akachemsha maji mpaka yakatokota hasa, akapika uji mwembamba, akatia chumvi kidogo, akaanza kumnywesha Limi kijiko kwa kijiko. Alipoliweka bakuli chini, Nzi akatua ukingoni.

"Umetoka wapi, bwana Nzi?"

"Kichakani."

"Unakwenda wapi?"

"Bakulini."

"Na katikati ulinawa wapi?"

"Kunawa ni mji gani huo?" Nzi akauliza. "Mimi nimetembea kote, huko sijafika."

Bibi Kalekwa akalifunika bakuli kwa kawa, Nzi akabaki juu akikuna mikono yake. Lakini bibi alijua kwamba bakuli moja halitoshi. Akiondoka, mtoto atarudishiwa maji yale yale, na safari hiyo hatapona.

Kulipokucha, akatoka. Akamkuta Lugembe, mganga wa mji, anarudi kutoka kichakani na jembe begani.

"Habari za kuchimba, mganga?"

"Njema, mama."

"Nina mjukuu anaumwa tumbo. Nigawie dawa uliyochimba."

Lugembe akalitazama jembe, akayatazama mawingu, akatazama alikotoka. "Imekwisha, mama," akasema, akaenda zake haraka kuliko inavyomfaa mganga mwenye heshima zake.

Bibi Kalekwa akasonga mbele. Akamkuta Shija, mkwewe, naye anarudi na jembe begani. Kijana kumwona mama mkwe akapiga goti kando ya njia, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wako anaumwa, nawe umetoka kuchimba dawa. Iko wapi?"

Jasho likamtoka Shija, na jua lenyewe halijapanda. Kusema hawezi, maana huyu ni mama mzaa mkewe. Kunyamaza hawezi, maana ameulizwa. "Mama," akasema, "dawa ile haichukuliki."

"Ni nzito?"

"Mama, naomba unisamehe."

Nyamizi alikuwa mlangoni ameuma upindo wa nguo yake asicheke, na mtoto mgonjwa yuko mgongoni. Namsamehe. Hata mimi ningecheka.

Bibi Kalekwa akasonga mbele mpaka barazani kwa Mtemi. Wazee wameketi, Mtemi Kapela katikati, jembe lake limeegemea kiti. Bibi akaketi chini kwa adabu zote, akatazama pembeni, maana wakwe hawakaziani macho.

"Mkwe wangu," akasema, "nilikupa binti, sikukunyima."

"Hukuninyima, mkwe."

"Mjukuu wetu anakufa kwa tumbo. Mji wako unachimba dawa asubuhi na jioni. Nimemwomba mganga, hakunipa. Nimemwomba mwanao, hakunipa. Nimekuja kwako. Nipe dawa mtoto anywe."

Baraza zima likainama. Mmoja akakohoa, mwingine akaona kwato ya mbuzi kuwa kitu cha kutazamwa sana. Mtemi akahangaika kitini. "Dawa yetu, mkwe," akasema, "si ya kunywa."

"Si ya kunywa?" Bibi Kalekwa akauliza pole pole. "Kichaka kiko juu. Kisima kiko chini. Mvua imenyesha. Mkwe wangu, mbona mnainywa kila siku?"

Hakuna aliyekohoa tena. Neno halikutamkwa, lakini kila mtu alilisikia. Mzee mmoja aliyekuwa na kata ya maji mkononi aliishusha chini taratibu, akaisukuma mbali kwa mguu.

Mtemi Kapela aliona haya, nasema wazi, aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Lakini haya haikumfanya mkali. Alimfikiria Limi. Alimpenda mtoto yule, na kila siku alikuwa akimnywesha maji kwa mkono wake, kwa upendo. "Mkwe," akasema, "sema tufanye nini."

"Kwetu dawa ya tumbo hukaa chini sana, mbali na kisima. Chimbeni mpaka mtu akisimama ndani asionekane. Majembe mnayo."

Mama mkwe haambiwi hapana. Mtemi akavua joho, akalitwaa jembe lake, akapiga pigo la kwanza. Akapiga la pili. Kwenye la tatu mpini ukachomoka, maana haukuwa umepigwa kabari, nani angejisumbua? Wakatafuta kabari, wakaendelea. Mikono ikatoka malengelenge. Watu wa adabu wakajua siku ile kwamba jembe ni zito.

"Mama, dawa hatujaiona," akaita Lugembe kutoka shimoni.

"Endeleeni."

Wakaendelea mpaka vichwa vyao havionekani. Bibi Kalekwa akawaambia walaze magogo juu, wakandike udongo, waache tundu, watengeneze kifuniko. Wakazungushia ukuta wa matete, wakaezeka nyasi, wakatia mlango. Nje akatundika kibuyu cha maji, na chini yake jivu la kunawia.

Mtemi akazunguka kijumba kile akakitazama. "Mkwe," akasema, "sasa hii si ni..."

"Ndiyo," akasema Bibi Kalekwa. "Dawa ndiyo hiyo."

Mngedhani ngano imekwisha. Bado, wanadamu hawaponi upesi hivyo. Kesho yake Nyamizi alitoka kijumbani, akanawa mikono yake. Mtemi alikuwa anakuja na njia ile ile. Alipomwona mkazamwana wake ametoka humo, akageuka na jembe lake, moja kwa moja kichakani.

Bibi Kalekwa akamfuata kwa sauti tu, maana kichakani hafiki. "Mkwe, unakwenda wapi?"

"Baba mkwe hafuati nyayo za mkazamwana, mkwe. Hata kwenu hafuati."

"Hafuati," Bibi Kalekwa akakubali. "Desturi ni desturi, siivunji. Je, majembe yamekwisha?"

Hayakuwa yamekwisha. Wakachimba shimo la wazee wanaume, wakachimba la wakazamwana, wakachimba la mganga kwa sababu mganga alisema hawezi kupanga foleni na wagonjwa wake. Jirani akiona la jirani, naye akachimba. Kisima kikatolewa maji yote, kikasafishwa, kikazungushiwa ua, na mpaka leo watu wale huchemsha maji kabla ya kumpa mtoto.

Nzi akaamka na wimbo wake. Akaenda kichakani, akakuta majani tu. Akaenda shimoni, akakuta kifuniko. Akaenda bakulini, akakuta kawa. Akaimba:

Nimekosa nyuma, nimekosa mbele,
mji gani huu, mgeni halishwi?

Akakunja mabawa, akahama. Alihamia mji mwingine, nami siutaji. Kila mtu auchungulie wake.

Na Limi? Siku moja Nyamizi alikuwa anatwanga, akasikia kilio kikali, kilio cha mtoto mwenye nguvu zake, amenyimwa mwiko auchezee. Akaacha mchi, akaketi chini, akalia naye. Bibi Kalekwa akawatazama wote wawili, akafunga mzigo wake kurudi kwao. Macho yake nayo yalikuwa na maji, ila alisema ni moshi, na jikoni moto ulikuwa umezimika.

Mavuno yakaja. Mtemi Kapela akafanya karamu, akawaita watemi wa jirani na wazee wao. Nyama imeiva, ngoma zimetulia, wakubwa wanaongea mambo ya wakubwa. Limi, sasa anatembea, akapenya katikati ya magoti ya wageni, akashika vazi la babu yake, akalivuta.

"Babu," akasema, na sauti yake ilikuwa kubwa, "choo."

Tonge la mtu mmoja lilisimama njiani halijafika mdomoni. Watu wa mji wakamtazama Mtemi, yule yule aliyekuwa akifinya masikio ya watoto.

Mtemi Kapela akashusha bakuli lake. Akasimama, na Mtemi akisimama, wote husimama. Wakasimama.

"Ketini, wageni wangu," akasema. "Mtanisubiri kidogo. Mjukuu wangu anataka choo."

Akamshika mkono, wakaondoka pamoja, mmoja kwa hatua ndefu, mwingine kwa hatua fupi.

Mtemi mgeni akamwinamia Shija. Kwao nako watoto walikuwa wakishika matumbo. Akamwuliza kwa kunong'ona, "Hilo neno, kwenu mtoto akilitamka hafanywi kitu?"

"Anapona," akasema Shija.

Basi ngano yangu nimeitua chini. Funzo lake hata asiye na meno atalitafuna: aibu si kulitaja jina la choo, aibu ni kukosa choo, na heshima isiyochimba shimo inakunywesha uchafu wa jirani. Chimba, funika, nawa, chemsha. Ngano ikiwa tamu, igawaneni. Ikiwa imeoza, nipeni niifukie mwenyewe, mbali na kisima.

Sasa nipisheni hapo mlangoni. Uji wenu ulikuwa mwingi, nami sikujua kukataa.