Mjusi Aliyeziba Pumzi za Kichuguu

Hivi nyinyi hamna kwenu? Nimetoka kutwanga, mgongo unaniuma, mnanizunguka kama kuku walioona mtama. Haya, kaeni. Na wewe mkubwa usiye na haya, kaa. Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale palikuwa na mji ndani ya kichuguu. Mji mkubwa, ghorofa juu ya ghorofa. Chini kabisa, kwenye matope, waliishi mchwa. Walijenga wao, walifagia wao. Juu kabisa aliishi Mjusi. Hakubeba hata punje ya udongo. Alikuta chumba kizuri, akaingia, akasema changu.

Katika sakafu ya chumba hicho palikuwa na tundu. Mji wote ulipumulia hapo.

Siku moja Mjusi akanusa. Fuu! Fuu! "Pumzi za watu wa chini hizi! Zinanuka matope." Akarudi kinyumenyume, akachomeka mkia tunduni. Pwi! Ukakaa kama kizibo.

Kule chini joto likapanda. Mashavu, mchwa mlezi, akaona watoto wanalegea mmoja mmoja. Akapanda. Akapanda, akapanda, akapanda, mpaka kwenye tundu. Akaugonga ule mkia. Ko ko ko!

"Nani ananitekenya?"

"Ni Mashavu wa chini, bwana mkubwa. Toa mkia, watoto wanakufa."

"Nyinyi wengi mno. Pumueni kwa zamu."

"Mtoto mchanga utamwambiaje asubiri zamu?"

"Mwambie afunge mdomo. Na wewe pia."

Mashavu hakulia. Akageukia ukuta wa kando, akautafuna. Kacha, kacha. Wenzake wakasikia, wakapanda, vijana kwa vikongwe. Kacha kacha kacha! Ukuta ukatoboka.

Lo! Upepo ukaingia, vuuuu! Mashavu hakuwahi kuona mbingu. Akatoa kichwa, akaiona ilivyo kubwa, haina ukuta, haina mwenyewe. Na nyuma yake mji mzima, maelfu kwa maelfu, ukavuta pumzi kwa pamoja. Hhhuuuu! Kichuguu kikatikisika. Mashavu kazaliwa humo, na hakujua kwamba wako wengi hivyo! Akasimama tu, kinywa wazi.

Kisha wakafanya kama wafanyavyo mchwa wakikuta kitu kigeni nyumbani mwao. Udongo na mate, udongo na mate, wakaukandika ule mkia. Upepo ukaukausha. Ukawa jiwe.

"Nitoeni!" Mjusi akapiga kelele. "Mimi jirani yenu!"

"Jirani tangu lini?" akasema Mashavu. "Tulia, bwana. Tunapumua."

Basi sikieni, wadogo kwa wakubwa: anayekaa juu hana haki ya kumzibia pumzi anayekaa chini. Hewa ni ya wote. Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayetaka ndefu akajisukie mwenyewe.

Eti nini? Mjusi?

Mjusi alivuta. Akavuta, akavuta. Pwata! Akaanguka nje, mfupi, hana nyuma. Mkia ukabaki tunduni. Hiyo ndiyo kodi ya chumba aliyolipa.