Fundi wa Tatu wa Bwana Fisi

Hodi masikioni mwenu.
Karibu, hatujayafunga.
Nimekuja na mzigo.
Utue hapa katikati.
Na ukinuka je?
Tutaziba pua, tutasikiliza.

Basi tulieni. Zamani hizo, wanyama walipokuwa na nyumba na vyoo vya ndani kama sisi, alikuwepo Fuko jike jina lake Siwatu. Macho yake hayakumfaa kitu, lakini pua yake na vidole vyake vilijua kila kilichopo chini ya ardhi. Kazi yake ilikuwa kuzibua mabomba ya maji machafu. Alifundishwa kazi hiyo na mzee Panya Buku, ambaye miezi miwili nyuma aliaga kwamba anakwenda kufanya kazi upande wa mtoni, na hakurudi. Watu walisema amepata mke huko.

Asubuhi moja Siwatu akaitwa kwa Bwana Fisi, huko huko upande wa mtoni. Choo kimeziba, na hiyo ni siku ya tatu. Siwatu hakupenda kwenda. Lakini Bwana Fisi hakuwa mtu wa kukataliwa, na nyumbani kwa Siwatu walikuwepo watoto watatu ambao hawajaota hata manyoya. Akajifunga waya wake wa kuzibulia kiunoni, akaenda.

Alipokaribia, akasikia mtu anaparua mchanga kwenye ua. Alikuwa Bi Kanga, jirani yake Fisi.

"Unakwenda kwa Bwana Fisi?" Bi Kanga aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, shikamoo. Choo chake kimeziba."

"Marahaba. Kimeziba tena?"

"Kwani kiliziba lini?"

"Mwezi uliopita. Na mwezi ule mwingine."

"Walikizibua akina nani?"

Bi Kanga akaacha kuparua. "Mimi nalala mapema, mwanangu," alisema, na jua lilikuwa halijafika hata utosini. Kisha akaingia ndani kwake akafunga mlango.

Siwatu akasimama pale. Alitaka kugeuka, lakini sauti nzito, tamu, ilikuwa imeshamwita kutoka upande wa pili wa ua.

"Fundi? Karibu, fundi. Karibu sana."

Bwana Fisi alimpokea vizuri. Alimpa maji ya kunywa, akamuulizia watoto, akataka kujua ni wangapi na wanene kiasi gani. Kisha akamwongoza hadi kwenye chemba, lile shimo lenye mfuniko uani ambamo bomba la chooni hutokea. Bomba lilikuwa la udongo, pana, la vipande vilivyoungwa. Ndani ya chemba palikuwa pakavu, kwa sababu maji yote yalikuwa yamezuiwa juu, upande wa nyumba.

"Ingia hapa," alisema Fisi. "Ukimaliza, toka hapa hapa. Nitakungoja nikunawishe."

Siwatu akaingia. Kwaru, kwaru, kwaru, akatambaa gizani, ingawa kwake yeye giza na mwanga ni kitu kimoja. Nyuma yake alimsikia Fisi akijilaza mdomoni mwa chemba.

"Fundi, umefika wapi?"

"Nimefika kwenye kiungo cha kwanza, bwana."

"Umekuta nini?"

Siwatu alipapasa. "Nimekuta nywele, bwana."

"Zitoe. Endelea."

Kwaru, kwaru, kwaru. Nyuma yake akaanza kusikia kitu kingine. To. To. To. Kitu kilidondoka chembani, polepole, kizito. Alidhani ni maji. Halafu pua yake ikamwambia ni mate.

"Fundi, umefika wapi?"

"Nimefika kwenye kiungo cha pili, bwana."

"Umekuta nini?"

Siwatu alipapasa. Vidole vyake vilipita juu ya kwato ndogo, kisha mfupa wa mkono mwembamba, mkia mgumu wenye manyoya ya nguchiro. Na Nguchiro, hakuna asiyejua, alikuwa fundi bomba wa kule ng'ambo ya mto.

"Nimekuta uchafu wa kawaida, bwana."

"Vizuri," alisema Fisi. "Wa kabla yako aliniambia kila alichokiona. Mdomo mrefu haufai kwa fundi. Endelea."

To. To. To.

Kwaru, kwaru, kwaru. Akafika kwenye kiungo cha tatu, na hapo bomba likawa limejaa kabisa. Kizibo chenyewe hicho. Nyuma ya kizibo hicho maji ya siku tatu yalikuwa yakinguruma, guru, guru, guru, yakitafuta pa kupita. Siwatu alitafuta mahali pa kushika. Alichokishika kilikuwa mfuko wa ngozi wenye kamba ya mafundo matatu, la katikati limefungwa kinyume. Fundo hilo alilijua. Alikuwa amelifungua na kulifunga kila siku kwa miaka minne ya kujifunza kazi.

Mzee Panya Buku hakuwa amepata mke popote.

Hapo Siwatu akaelewa yote. Fisi huita fundi. Fundi huzibua choo. Fisi humla fundi, na vilivyomshinda kutafuna huvitupa chooni. Kila aliyezibua choo kile ndiye aliyekuja kukiziba.

Mwili wote ulimtetemeka mpaka kucha zikagonga bomba, tiki, tiki, tiki.

"Mbona unatetemeka, fundi?" Sauti ya Fisi ilikuja ndefu bombani.

"Ni baridi, bwana. Maji yako karibu."

"Basi maliza upesi, utoke juani."

Akimaliza, maji yatamsukuma moja kwa moja hadi mdomoni mwa Fisi. Akirudi bila kumaliza, ni mdomo ule ule. Kiungo cha tatu kilikuwa na ufa, na nyuma ya ufa palikuwa na udongo laini. Angeweza kuchimba, akakimbia. Lakini Fisi alikuwa ameshauliza watoto ni wangapi. Angefika nyumbani kabla yake.

Siwatu alijilazimisha kupumua. Alifunga ncha ya waya kwenye mfupa mkubwa ulioshikilia kizibo. Kisha akaanza kuchimba pembeni, kwenye ufa. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Nasikia unachimba."

"Nakwangua uchafu, bwana. Umeganda."

To. To. Siwatu alichimba akajipatia kishimo cha kutosha mwili wake, akajiingiza humo na ule mfuko na ncha ya pili ya waya. Kisha akaita, na sauti yake akaitia mshangao kadiri alivyoweza.

"Bwana, hapa kuna kitu sikukitegemea."

"Kitu gani?"

"Mafuta, bwana. Donge zima la mafuta ya nyama. Laini, yananukia mbuzi. Linanizidi mimi mara tatu."

To, to, to, to, to, mate yalianza kushuka kama bomba bovu.

"Lisukume huku," alisema Fisi.

"Nikilisukuma litavunjika, liyeyukie kwenye maji machafu. Hili linataka kuvutwa kwa meno, taratibu. Mimi meno yangu ni ya kuchimbia."

Fisi alifikiri. Siwatu alimsikia akifikiri, maana alikuwa akihema. Mafuta kwanza, fundi baadaye. Safari moja, milo miwili.

"Na wewe kaa hapo hapo," alisema. "Usitoke."

"Siendi popote, bwana."

Fisi akaingiza kichwa bombani. Masikio yakakunjika, yakapita. Akasukuma shingo, akasukuma mabega, akajivuta kwa kucha. Bomba lilijaa harufu yake, harufu ya nyama ya jana na ya juzi. "Mbele kidogo, bwana," alisema Siwatu. Akaja mbele. "Bado kidogo." Akaja tena. Pumzi yake ya moto ikampiga Siwatu usoni, na taya lake likasimama sawasawa na kile kishimo, karibu kiasi kwamba manyoya ya mkono wa Siwatu yaligusa jino.

"Sioni kitu," alisema Fisi.

"Mafuta hayaonekani gizani. Fungua mdomo, utayahisi."

Fisi akafungua mdomo.

Siwatu akavuta waya. Haukuenda. Akavuta tena. Haukuenda.

"Fundi," alisema Fisi polepole, mdomo ukiwa wazi, "wewe uko wapi?"

Siwatu akakanyaga udongo kwa miguu yote miwili, akavuta mara ya tatu. Mfupa ukachomoka, pwaa.

Guru, guru, guru, guruguruguru, buu. Maji ya siku tatu yalishuka yote kwa pamoja, na yote Fisi aliyokuwa amekula yakamrudia kooni. Fisi alitaka kurudi nyuma. Masikio yaliyokunjika kuingia yalikataa kukunjika kutoka. Alisukuma, akakohoa, akameza, akakohoa. Siwatu hakubaki kusikiliza. Alichimba kuelekea juu, kucha zikimvuja damu, mpaka akachomoza kwenye ua wa Bi Kanga, miguuni pake.

Walisimama wote wawili wakasikiliza. Miguu ya nyuma ya Fisi, iliyobaki nje chembani, ilirusha mchanga, ikarusha, ikarusha kidogo, ikatulia.

Bi Kanga alikuwa akilia. "Nilikuwa nasikia," alisema. "Mara zote mbili. Nilisikia, nikaingia ndani."

Siwatu alimpa mfuko wa mzee Panya Buku aushike, akachimba kaburi pale pale, dogo, na Bi Kanga akaushusha mfuko ndani kwa heshima. Baadaye Bi Kanga aliuliza, kwa woga, sasa nani ataizibua nyumba ya jirani, maana mwenyewe amekaa bombani. Siwatu alisema atafutwe fundi mwingine. Akaenda kwa watoto wake akitembea karibu na ua, na kila kilipodondoka kitu, hata umande, alisimama.

Mpaka leo fuko akiitwa kazini haulizi choo kimezibaje. Huuliza, fundi aliyekuja kabla yangu yuko wapi, na aje anisalimie. Asipokuja, fuko haingii.

Na funzo lake, msiinuke kabla ya funzo. Mwenye nyumba, ukiita fundi, kaa ndani unywe chai yako. Usimuulize amefika wapi, usichungulie kazi yake. Bwana Fisi alikuwa jirani mwema, mkarimu, mtu wa kuulizia watoto. Kosa lake ni moja tu, alipenda kusimamia kazi mwenyewe.

Lakini si aliwala mafundi?

Kila mtu ana upungufu wake.

Nimeitua hadithi yangu hapa chini. Anayeitaka aiokote.
Tumeiokota.
Asiyeitaka airuke.
Hatukuiruka.
Basi kanaweni mikono.