Bushi Iliyogoma Kutoka

Mtu mmoja wa Upareni alikuwa na pikapu, na pikapu ile ilivuta kushoto. Mtu huyo aliitwa Kaanaeli. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kuheshimika, na kila siku ya gulio aliwapakia kinamama na magunia yao ya tangawizi akawashusha bondeni. Barabara ile naijua. Ukishuka, kulia kwako kuna mwamba, na kushoto hakuna kitu. Hakuna ukingo wala kichaka, ni hewa tu mpaka kwenye mapaa ya watu wa chini. Sasa fikirini gari linalovuta kushoto kwenye barabara ya namna hiyo.

Kaanaeli alijua kwamba linavuta. Mwaka mzima alishuka akiwa ameung'ang'ania usukani kuelekea kulia, mabega yamekakamaa, kinywa kikavu. Akifika chini alibaki kwanza kwenye kiti, paji la uso juu ya usukani. Kinamama walidhani anaomba.

Mkewe, Nakijwa, ndiye aliyekaa naye mbele. Siku moja alimwambia kwamba hata gari likienda moja kwa moja, usukani umekaa upande kama kofia ya mlevi. Kaanaeli akaona haya, kwa kuwa alidhani hakuna aliyeona. Kesho yake wakaenda wote wawili kwa fundi.

Fundi huyo, Mgonja, alikuwa hodari na mikono yake ilikuwa safi katika kazi. Akalinyanyua gari kwa jeki, akavua tairi la mbele la kushoto, akaonyesha kwa kidole. Palikuwa na bushi ndogo ya chuma, haizidi kikombe cha kahawa, imepachikwa ndani ya mkono wa chuma unaolishika tairi. Bushi hiyo ndiyo inayolisimamisha tairi. Ukiizungusha kidogo, tairi lililopinda hunyooka. Lakini hii ilikuwa imeshikwa na kutu hata huwezi kujua bushi inaishia wapi na mkono unaanzia wapi. Mgonja akaimwagia mafuta, akaiacha hivyo siku mbili. Akaigonga kwa nyundo. Akatia spana, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Haikusogea.

"Mzee," akasema, "hii haitaki mafuta tena. Inataka moto na msumeno. Na tukianza, gari halitoki hapa mpaka tumalize."

Kaanaeli akaogopa. Aliogopa ule mkono wa chuma usije ukapasuka kwa moto. Lakini kulikuwa na hofu nyingine kubwa kuliko hiyo, nami nitaisema wazi. Gereji ya Mgonja ilitazamana na kanisa. Gari lingekaa pale juu ya mawe, limevuliwa tairi, na kila apitaye angeuliza lina nini. Na siku ya ibada wangejua kwamba lilikuwa bovu tangu mwaka jana, na kwamba mwaka jana wote alikuwa akiwapakia.

Akatazama chini, akauliza kama hakuna njia nyepesi.

Njia nyepesi ipo, na kila fundi anaijua. Unaufungua usukani, unauzungusha mpaka ukae sawa machoni, kisha unaukaza tena. Tairi linabaki limepinda vilevile. Kinachonyooka ni kile ambacho dereva anakitazama. Mgonja alijua kwamba huko si kutengeneza gari. Alifungua kinywa aseme, akakifunga, kwa maana naye aliogopa: akipasua chuma cha mzee wa kanisa, nani atamletea gari tena? Nakijwa alikuwa amesimama hapo hapo, akasikia yote, naye hakusema neno. Usukani ukanyooshwa. Wakashikana mikono, wakaagana kwa amani. Ninaichukia amani ile.

Kwa miezi mitatu watu walilisifu gari. Wakati huo wote tairi la kushoto lilikuwa likilika upande wa ndani, ambako mtu aliyesimama kando haoni kitu. Na Kaanaeli alipatwa na jambo baya kuliko tairi. Hofu ilimtoka. Aliuona usukani umekaa sawa, akaamini gari liko sawa, na mikono yake ikalegea. Ile hofu ya zamani iliyomkausha kinywa ndiyo iliyokuwa ikiwafikisha salama, naye hakuwa nayo tena.

Ikafika siku ya gulio baada ya mvua. Kinamama kumi na mmoja walikuwa nyuma, juu ya magunia. Kwenye kona ya tatu Kaanaeli akakanyaga breki, tairi la kushoto likapasuka, na gari likaenda kule lilikokuwa likitaka kwenda siku zote. Akauvuta usukani kulia kwa nguvu zake zote. Gari likaserereka kwenye tope, pua ikatoka nje ya barabara, likasimama. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limekanyaga udongo nusu, na nusu yake ilikuwa hewani.

Mama mmoja akaruka chini kutoka nyuma. Papo hapo pua ya gari ikainama, na mawe madogo yakaanza kudondoka bondeni. Yalichukua muda mrefu kufika. Ndipo kinamama walipoelewa kwamba uzito wao ndio unaowashikilia wale wawili wa mbele. Mmoja wao akasema, "Jamani, asishuke mtu." Na hawakushuka. Wakajisogeza mpaka mwisho kabisa wa gari, wakashikana, wakalia bila kutikisika. Wale kumi waliobaki wangeweza kuokoka kwa kuruka tu, kama yule wa kwanza.

Kaanaeli alikuwa amekanyaga breki kwa miguu miwili. Mlango wa Nakijwa ulifungukia hewani. Yeye akatoa kichwa dirishani, akatazama chini, akaliona tairi limepasuka na nyaya zake zimechomoza upande wa ndani. Akarudisha kichwa polepole. Hakupaza sauti, maana aliogopa hata sauti isije ikalisukuma gari.

"Baba Elieshi," akamwambia mumewe, "moto wa Mgonja na hapa tulipo, kipi kinatisha zaidi?"

Kaanaeli akazidi kukaza miguu juu ya breki.

Wapasua mawe waliokuwa juu ya kona waliteremka na kamba. Walilifunga gari kwenye mwamba, wakalivuta shibiri kwa shibiri, na kinamama hawakushuka mpaka matairi yote manne yaliporudi barabarani. Kisha Kaanaeli akashuka, akakaa kwenye tope, akawaambia wote habari ya bushi na ya usukani. Hakuficha kitu. Mama mmoja alimpiga kofi la begani, akaenda kushusha gunia lake.

Gari likakokotwa hadi gereji, likawekwa juu ya mawe mbele ya kanisa. Mgonja akawasha gesi. Ikazimika, akaiwasha mara ya pili. Akakipasha chuma mpaka kikawa chekundu, akapitisha msumeno ndani ya bushi, akatia tindo kwenye mkato na kupiga. Bushi ikalia, ikatoka vipande viwili. Ule mkono wa chuma haukupasuka. Kazi yote ilichukua asubuhi moja, na watu waliopita kwenda kanisani walisalimia, wakaendelea na safari yao.

Mgonja akaviokota vipande vile vilipopoa. Akawahesabu kinamama kwa majina, mmoja mmoja, mpaka kumi na mmoja. Akamwongeza Nakijwa. Akaketi chini, na siku hiyo hakufanya kazi tena.

Ndugu zangu, mimi ninayesimama mbele yenu nami ni fundi kama Mgonja. Mmeniletea magari yenu, mkaniomba njia nyepesi, nami mara nyingi nimefungua kinywa na kukifunga. Basi niambieni, maana usingizi umenipotea kwa ajili ya jambo hili: kati ya yule aliyeogopa kukatwa na yule aliyeogopa kukata, ni nani aliyewapeleka wale kinamama kwenye ile kona?