Matanga ya Bi Shaba

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani ambazo hata mamba alikuwa hajazaliwa, palikuwa na ziwa chini ya mlima wa moto. Ndani ya ziwa hilo waliishi samaki wa ukoo wa Magamba. Msiniulize wako wapi leo. Tulieni, tutafika.

Magamba walikuwa wakubwa, na miili yao ilifunikwa na magamba mazito yanayong'aa, yamepangana kama vigae vya paa. Ukimuuma mmoja wao, unarudi nyumbani kibogoyo. Mkubwa wao aliitwa Mzee Ngome, na neno lake halikuwa na rufaa.

Sindano naye alikuwa samaki mdogo, hata kidole chenu cha mwisho kilimzidi. Alikuwa mjane mwenye watoto arubaini. Kazi yake ilikuwa kusugua ukungu kwenye magamba ya bibi yake Ngome, kikongwe aliyeitwa Bi Shaba, aliyeishi peke yake huko kwenye matete. Bi Shaba alimpenda Sindano kama mjukuu, na Sindano alimpenda vilevile. Likumbukeni hilo, maana ndilo linalonisumbua kila nikisimulia hadithi hii.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Ziwa lilipungua, maji yakawa ya uvuguvugu, na watoto wa Sindano wakaanza kuelea juu wakihema, ha! ha! ha! Njia ya kutokea ilikuwa moja tu: mfereji mwembamba kati ya majabali mawili, unaokwenda mtoni. Na kwenye mlango wa mfereji huo alikuwa amekaa Mzee Ngome, yeye na ukoo wake wote.

Sindano akaenda.

"Shikamoo, Mzee Ngome."

"Marahaba. Rudi ulikotoka."

"Mzee, hata shida yangu sijaisema."

"Naijua. Unataka kupita. Kila anayetoka humu anatoka na funda la maji kinywani. Wewe na hao arubaini wako ni mafunda arubaini na moja. Ziwa la babu zangu nitalijaza kwa nini, kwa mate?"

"Maji hayakaushwi na mafunda yetu, mzee wangu. Yanakaushwa na jua. Hata nyinyi tokeni, mfereji ungali unawatosha."

"Ala! Magamba wahame? Thubutu! Jua hili limewakuta babu zangu, na halikuwafanya kitu. Ondoka!"

Akapiga mkia, puu! Sindano akarushwa mpaka kwenye matete, akatua mbele ya Bi Shaba.

"Amekataa?" Bi Shaba aliuliza.

"Amekataa, bibi. Nenda wewe ukaniombee."

"Nilikwenda jana. Ngome mjukuu wangu ameota magamba mpaka masikioni. Hebu nisugue hapa shingoni, mwanangu, panawasha."

Sindano akasugua. Alikuwa analia, na kwa kulia akasugua kwa nguvu kuliko kawaida. Gamba moja la shingoni, lililokuwa limelegea kwa uzee, likabanduka, teke! Bi Shaba hata hakusikia. Alikwisha sinzia.

Sindano akalitazama lile gamba. Lilikuwa la rangi ya shaba, na ziwa zima hapakuwa na mwingine mwenye rangi hiyo. Ndipo wazo likamjia. Lilikuwa wazo baya, na alijua ni baya.

Sikilizeni sasa desturi ya Magamba. Akifa mzee wao, ukoo mzima hulala chini ya ziwa, ubavu kwa ubavu, kwa kufuata umri, uso matopeni. Nafasi ya kwanza mstarini huachwa wazi, ndiyo ya marehemu. Matope waliyoyatibua wanapolala hayo ndiyo huwa saa yao. Yakitulia na maji yakitakata, mwenye matanga hupiga mkia mara tatu, pa! pa! pa! nao huinuka. Kabla ya hapo hakuna kula, hakuna kusema, na zaidi ya yote hakuna kumwitikia yeyote anayewaita. Waliamini kwamba marehemu hupita akiwaita awapendao, na atakayeitika atakwenda naye.

Sindano alipiga hesabu yake. Matope hutulia baada ya nusu siku. Nusu siku inatosha kuwapitisha watoto. Magamba watainuka, watakasirika, watamtukana mpaka basi, na Bi Shaba atacheka. Hakuna atakayeumia.

Asubuhi ilipofika akaja mlangoni na gamba mdomoni.

"Uwi! Uwi! Mzee Ngome! Bi Shaba ametutoka!"

"Unasema nini wewe?"

Sindano aliliweka gamba mbele yake. Mzee Ngome akalitazama, na lile jitu lililomrusha jana kwa pigo moja likaanza kutetemeka mapezi.

"Bibi," alisema. "Bibi yangu aliyenilea. Na juzi nilimjibu vibaya."

Sindano alitamani kuyarudisha maneno yake. Kidogo ayarudishe. Lakini nyuma yake alisikia watoto wakihema, ha! ha! ha! naye akanyamaza.

"Magamba!" Ngome alinguruma. "Tulaze uso!"

Wakashuka. Lo! Matope yalitimka ziwa zima likawa giza. Walilala ubavu kwa ubavu, kuanzia Ngome mpaka kitoto cha jana, na mbele ya Ngome wakaacha nafasi moja wazi. Ngome alilichukua lile gamba akaliweka karibu na mdomo wake.

"Haraka!" Sindano aliwanong'oneza wanawe. "Mmoja mmoja. Msimguse mtu."

Chubwi, chubwi, chubwi! Wakapita mmoja nyuma ya mwingine, na nyuma yao wakapita samaki wadogo wote wa ziwa lile. Jua lilipofika utosini, wa arubaini alikuwa ameingia mtoni kwenye maji baridi. Sindano akawahesabu mara mbili. Wote walikuwapo. Hata nyinyi mngecheza, na yeye alicheza.

Mara ardhi ikatetemeka. Mlima wa moto ukapasuka, buuum! na majivu yakaanza kuanguka. Yalikuwa majivu laini ya kijivu, yakishuka polepole juu ya ziwa bila kukoma. Sindano akayatazama, na moyo wake ukashtuka.

"Maji hayatatakata," alisema. "Wanangu, maji hayatatakata tena! Watalala pale wakingoja!"

"Mama, usirudi!"

Alikwisha geuka.

Akawakuta vilevile, na majivu yamewafunika migongo. Akaogelea mbele ya Ngome akapiga kelele.

"Mzee Ngome, inuka! Nilikudanganya! Bi Shaba yu hai! Mfereji ungali wazi, inukeni mtoke!"

Kimya.

"Nitukane basi! Nipige! Nimekuzulia, mzee wangu, mimi ni mwongo!"

Pezi la Ngome lilicheza kidogo, kisha likatulia. Anayewaita wasimwitikie, ndivyo walivyofundishwa. Sindano akamsukuma kwa kichwa chake. Ilikuwa kazi bure, wanangu, kidole cha mwisho kusukuma nyumba.

Akakimbilia kwenye matete.

"Bi Shaba! Amka, bibi! Nimefanya jambo baya."

"Jambo gani, mwanangu?"

"Nimewaambia umekufa. Nilichukua gamba lako la shingoni nikalifanya ushahidi."

Bi Shaba alipapasa shingo yake kwa pezi, akakuta pengo.

"Kwa hiyo umeniua, Sindano."

"Nimekuua, bibi. Nisamehe."

"Watoto wamepita?"

"Wamepita wote."

"Hilo ni jema. Na wangu wako wapi?"

"Wamelala matanga. Majivu yanawafunika. Mimi hawanisikii, lakini sauti yako wataisikia. Twende, bibi, twende upesi!"

Kikongwe yule aliogelea siku ile kama msichana. Walipofika, majivu yalikuwa yamefika kwenye mapezi ya waliolala.

"Ngome!" Bi Shaba aliita. "Ngome, mjukuu wangu! Mimi hapa bibi yako! Ni mzima! Inuka, baba, uwatoe watoto!"

Mstari wote ukatetemeka. Mmoja wa wale wadogo alianza kulia. "Bibi anatuita," alisema ndani ya matope, na akataka kuinua kichwa. Ngome akalitandaza pezi lake kubwa akamkandamiza chini, taratibu, kama mzazi amfunikaye mwanawe.

Bi Shaba akapiga mkia mara tatu. Pa! Pa! Pa! Lakini mwenye matanga alikuwa Ngome, na Ngome alijua mkia wake haukupiga. Akazidi kuukaza uso wake matopeni. Wengine nao wakaukaza.

"Bibi, waite tena!"

"Kadiri ninavyowaita ndivyo wanavyozidi kulala," Bi Shaba alisema. "Ni mimi niliyewafundisha, Sindano. Niliwaambia wangali wadogo: marehemu akiwaita kwa sauti mnayoipenda, msiitike. Nimewafundisha vizuri mno."

Sindano alilia kwa sauti. Hakujificha wala hakutafuta udhuru.

"Twende mtoni, bibi. Angalau nikuokoe wewe."

Bi Shaba aliutazama mstari wa wajukuu wake, kisha akaitazama ile nafasi iliyoachwa wazi mbele ya Ngome.

"Nimechelewa kwenye matanga yangu mwenyewe," alisema. "Si vizuri kuwaweka watu."

"Bibi, usifanye hivyo!"

"Nisikilize. Umewaokoa wanao kwa jina langu, hilo sikunyimi. Sasa nenda ukawalee. Na wakikuuliza tulikuwa watu gani, usiwaambie tulikuwa wajinga. Waambie tulipendana."

Akashuka kwenye nafasi ile, ubavu wake ukagusa ubavu wa Ngome, akalaza uso. Ngome hakugeuka, lakini Sindano aliona pezi lake likisogea likagusa pezi la bibi yake na kubaki hapo. Majivu yakaendelea kuanguka.

Sindano alipita mferejini peke yake. Aliishi sana, akawa na wajukuu na vitukuu, na hakuna aliyewahi kumsikia tena akimfanyia mtu hila, hata ya mchezo.

Ziwa likakauka. Majivu yakawa tope, tope likawa jiwe. Wa ukoo wa Magamba hakubaki hata mmoja, si ziwani, si mtoni, si baharini. Miaka ikapita isiyo na hesabu, wakaja wachonga mawe kutafuta mawe ya kujengea. Mmoja akapiga nyundo, ko! ko! ko! jiwe likafunguka. Ndani yake wamelala samaki ubavu kwa ubavu, wakubwa kwa wadogo, wote uso chini, kila gamba mahali pake. Ni wa kwanza tu mstarini aliyekuwa na pengo shingoni. Na gamba lile lililopungua lilikuwa mbele ya mdomo wa yule wa pili.

Wachonga mawe walivua kofia zao, bila kujua kwa nini.

Hapo ndipo hadithi yangu inapolaza uso, wanangu, na fundisho lake ni hili: ukimlaghai mwenzio kwa kitu anachokiheshimu, siku utakapomletea ukweli hatakuwa na njia ya kuusikia.