Nyumba Isiyoingia Karanga

Ninyi mliokaa nyuma mnaochungulia saa, nawaona. Najua mmeacha maharage jikoni. Nivumilieni kidogo, maana mfano wenyewe ni wa jikoni, na aliyemo ndani yake ana haraka kuliko ninyi nyote.

Kulikuwa na mama mmoja, mfanyakazi wa mjini, mwenye mtoto wa kiume wa miaka minne. Mwili wa mtoto huyo haukupatana na karanga. Akionja kidogo tu midomo inavimba, koo linabana, pumzi anaitafuta. Mara ya kwanza ilipotokea nusura wampoteze, na tangu siku hiyo mama yule hakutulia tena.

Akapiga karanga marufuku nyumbani kwake. Unga wa uji wa dukani hakuutaka, kwa sababu mara nyingi huchanganywa na karanga. Alichambua ulezi na mchele mwenyewe, akavipeleka mashineni alfajiri kabla mashine haijasaga vya wengine. Kwenye mkoba wa mtoto alitia ndizi, yai la kuchemsha na vipande vya tango, vitu vya haraka ambavyo alikuwa na hakika navyo. Walimu wa chekechea walipomwona anakuja walijificha. Jirani alimpa mtoto kashata ya karanga, akagombezwa mbele ya watu, na mpaka leo hawasalimiani. Je, alikosea? Wewe ungekuwa na mtoto huyo ungefanyaje?

Basi mama mkwe akaja kutembea. Ametoka kijijini na kikapu, na mkwewe akampokea getini macho yakiwa kwenye kikapu.

"Shikamoo, mama. Umekuja na karanga?"

"Marahaba, mwanangu. Nilizibeba, za shambani kwangu. Nilipokumbuka habari za mtoto nikazigawa zote stendi."

Mama akaitikia vizuri, lakini moyoni hakuamini. Bibi alipokwenda kuoga, akakipekua kikapu mpaka chini. Hakuona kitu, na bado hakuamini. Msicheke, hapa wamo waliopekua mikoba ya wageni wao.

Kesho yake kazini hakupata hata nafasi ya kula. Jioni kwenye foleni akashusha kioo, akanunua kitu cha kutafuna, akatafuna huku anajibu simu, huku anapiga honi. Alitakiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Ndiyo, kwaya. Akafika nyumbani anakimbia, mkoba bado begani.

Bibi alikuwa amechemsha viazi vitamu na kukata parachichi, chakula kiko mkekani, mtoto ameketi. Bibi mwenyewe amesimama na jagi la maji na beseni.

"Nawa kwanza, mwanangu."

"Sina muda, mama. Nimlishe, niondoke."

Akaponda kiazi kwa vidole, akachanganya na parachichi, akamlisha mtoto tonge la kwanza, na la pili. La tatu mtoto akalisukuma. Akaanza kujikuna shingo. Mama akamtazama midomo, akajua.

Wakamkimbiza zahanati, bibi na kikapu chake mkononi, mtoto akachomwa sindano, mama akaambiwa asubiri nje. Hakuweza kukaa. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena, na mwisho akamgeukia bibi aliyekaa kwenye benchi.

"Umempa nini mwanangu?"

"Sijampa kitu. Amekula kile ulichomlisha."

"Mwongo wewe. Karanga umezificha wapi? Umekuja kuniulia mtoto."

Kwa mama mkwe, ndugu zangu. Mbele ya wagonjwa. Bibi alijifunika khanga vizuri, machozi yanamtoka.

Daktari akafungua mlango kuwaambia kwamba mtoto anapumua vizuri. Akamkuta mama bado amemnyooshea bibi kidole usoni. Daktari akakitazama kile kidole.

"Mama, wewe leo umekula nini?"

Mama akashusha mkono, akautazama. Chini ya ukucha wa kidole kile kilichokuwa kinamtuhumu bibi, palikuwa na kiganda chembamba, chekundu, cha karanga.

Karanga hizo alizila kwenye foleni. Alizipenda tangu utotoni, na kwa kuwa nyumbani alizikataza, alikuwa anazila njiani. Siku zote alinawa akifika. Siku ile kwaya ilikuwa inamsubiri.

Ndani mtoto akaita, "Mama, nibebe." Mama akapiga hatua moja, akasimama. Aliiogopa mikono yake mwenyewe.

Sasa tuje kwetu sisi. Mbona mmekuwa kimya? Tunamkataza kijana matusi, na matusi ameyasikia kwetu tukiwa kwenye usukani. Ugomvi ukizuka nyumbani tunamtafuta aliyeuleta: ni wifi, ni jirani, ni yule rafiki wa mume. Tunapekua vikapu vya watu. Mikono yetu tunaipitisha bila kuitazama, kwa sababu sisi ndio tuliotunga sheria, na kwa sababu tuna haraka. Tena haraka ya mambo mema. Mama yule alikuwa anawahi kwenda kumwimbia Mungu, na aliyemwambia anawe alimwona anampotezea wakati. Mimi mwenyewe mfano huu unanikosesha raha, sitawaficha.

Mnataka kujua bibi alifanya nini. Angeweza kusema mengi, si kweli? Ungekuwa wewe ungeyasema, na kijijini wangeyasikia kabla ya kesho. Bibi alisimama, akaomba sabuni kwa nesi, akatoa chupa ya maji kwenye kikapu kilekile kilichopekuliwa. Mnajua desturi yetu, mdogo ndiye humnawisha mkubwa. Siku ile mama mkwe aliinama kumnawisha mkwewe.

"Lete mikono, mwanangu," akamwambia. "Mtoto anataka kubebwa."

Mama akaitoa mikono, akilia, na bibi akamsugua kidole kwa kidole mpaka chini ya kucha.

Nimemaliza, nendeni mkaipue maharage. Ila kila mmoja wenu ana mtu aliyewahi kumsimamia na jagi la maji, naye akajibiwa, "Sina muda." Mtu huyo umeshamkumbuka. Wengine mmekaa naye benchi moja, na tangu mwingie humu hamjamtazama. Mgeukie sasa, umpe mikono.