Siwema Aliyejishona

Paukwa!
Pakawa!
Wakubwa, mpo?
Tupo!
Na nyie watoto mnaochezea pindo za mama zenu, mpo?
Tupo!
Basi acheni pindo, tegeni sikio.

Hapo zamani za kale wanyama walivaa nguo. Walivaa, zikachanika, wakazivaa hivyo hivyo. Kushona alijua mmoja tu, Bi Korongo, mwenye mdomo mrefu kama sindano. Akasema, "Nileteeni watoto wenu niwafunze." Wakaletwa. Kila mtoto akapewa mwiba uliotobolewa na uzi wa mgomba. Bi Korongo akawaimbisha:

"Choma chini!"
"Toa juu!"
"Vuta!"
"Swiii!"

Darasani alikuwapo Siwema, mtoto wa Tumbili. Wenzake walikuja na vitambaa. Siwema alikuja na mdogo wake, Kombo, kwenye mbeleko, maana mama yao alishinda porini akitafuta chakula. Na mbeleko yenyewe ilikuwa na tundu. Kombo alishapita hapo, puu! chini. Akapita tena, puu! Mara hiyo aliangukia jiwe, akapasuka kidevu. Ndiyo maana Siwema alitaka kushona. Hakutaka maua wala nakshi. Alitaka tundu lizibe kabla mdogo wake hajavunjika shingo.

"Tandaza mkekani," akasema Bi Korongo. "Mapajani hatushonei!"

"Mwalimu, nikitandaza, Kombo nitamweka wapi?"

"Hilo swali la kwenu. Hapa tunashona."

Jamani! Nawauliza nyie mliokaa hapa: hilo nalo jibu? Mtoto kabebeshwa mtoto, halafu anaulizwa mikono yake iko wapi!

Siwema akaketi. Mbeleko shingoni, akamvuta Kombo mbele, akampakata, akashona pale pale mapajani. Choma chini, toa juu, vuta, swiii. Choma chini, toa juu, vuta, swiii. Akalizunguka tundu lote. Akapiga fundo. Akasimama aonyeshe kazi yake.

Lo! Gauni nalo likapanda juu. Kumbe kashona mbeleko na gauni pamoja!

Sungura akagaragara chini. "Kwa-kwa-kwa! Nilidhani anashona, kumbe anajishona!"

"Shoga, leo utaoga na mbeleko?" akadakia Kanga.

"Fumua," akasema Bi Korongo. "Fumua wote. Na kesho ukija na huyo mtoto, unaishia mlangoni."

Machozi yakamlenga Siwema. "Sifumui, mwalimu. Mshono umepinda, sawa. Lakini tundu limeziba."

Bi Korongo hajajibu, majani yakalia chakacha! Chui!

Korongo angani, fururu! Sungura shimoni. Siwema mtini, na Kombo kifuani. Tawi moja. Tawi jingine. Mbeleko ikayumba. Kombo akateleza, akateleza, akaelekea kule kule kwenye tundu. Bi Korongo, huko juu, akafumba macho asione.

Hakusikia puu.

Akafumbua. Gauni la Siwema limekuwa kiraka! Kombo ametulia juu yake kama yai kiotani, ananyonya kidole. Chui akaruka, akakosa, na matawi membamba ya juu hayakumbeba. Akaruka, akakosa. Akaenda zake na njaa yake.

Bi Korongo akatua. Sungura akatoa masikio shimoni. Safari hii hakucheka.

"Siwema, mwanangu," akasema Bi Korongo, "niliuona mshono. Mtoto sikumwona."

"Sasa nifumue, mwalimu?"

"Utafumua, nikufunze kutia kiraka, upate na gauni lako. Lakini kwanza nipe huyo mtoto."

Siku ile Bi Korongo alifundisha kwa bawa moja. La pili lilimfunika Kombo, usingizi fofofo.

"Choma chini," akaimba polepole, asimwamshe.

"Toa juu," watoto wakaitika kwa kunong'ona.

"Vuta."

"Swiii."

Wakubwa, nawaambia nyie kwanza, maana watoto hili wanalijua: usimcheke mwanafunzi kwa mshono uliopinda kabla hujatazama amepakata nini. Na ukishatazama, usisimame tu. Mpokee.

Hadithi yangu imeishia hapo, nimeipiga fundo. Anayetaka kuifumua, aje na sindano yake.